Mechi Kumi za Jackson Holliday: Tunabishana Kuhusu Nini Hasa?

Aprili 2024, katika chumba cha chakula cha maabara yetu hapa Baltimore, watu wazima wawili, kila mmoja na shahada zake mbili, walinuniana karibu wiki nzima kwa sababu ya kijana wa miaka 20 ambaye hata hawajuani naye. Kijana anaitwa Jackson Holliday. Anacheza besiboli katika timu ya Baltimore Orioles, na wakati huo alikuwa amecheza mechi 10 tu za ligi kuu.

Mmoja alisema: mwacheni mtoto, mechi 10 ni kitu gani? Mwingine akajibu: mimi nimeona ya kutosha, huyu ni garasa. Wa kwanza akaleta majina ya magwiji walioanza vibaya. Wa pili akaleta majina ya waliosifiwa sana wakiwa vijana halafu wakapotea. Majina yakaisha, wakarudia yaleyale. Mimi nilikaa katikati na bakuli langu la wali maharage, najiuliza: hawa ni watu ambao kazini hawakubali grafu isiyoonyesha kiwango cha makosa. Mbona wakifika kwenye mchezo wanabishana kama hawajawahi kusikia neno takwimu?

Basi leo tufanye kile tunachokifanya kwa makala za kisayansi. Tuzichukue hoja hizi mbili, tuziweke mezani, tuzihakiki. Data iko wapi? Mbinu ni ipi? Hitimisho linatoka kwenye data au linatoka moyoni? Nakuambia mapema nilikofika: wote wawili walikosea, na walikosea mahali ambapo hakuna aliyekuwa anapaangalia. Ugomvi wao haukuwa juu ya zile mechi 10. Ulikuwa juu ya kitu kingine ambacho hawakukitaja.

Kwanza, mchezo wenyewe

Kama hujawahi kuangalia besiboli usihofu, tunahitaji mambo machache tu. Mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka alipo mpigaji. Mpira wake wa kasi, siku hizi, unakwenda kwa wastani wa kilomita 150 hivi kwa saa. Piga hesabu mwenyewe: unafika chini ya nusu sekunde, na sehemu ya muda huo inaliwa na jicho na ubongo kabla gongo halijaanza kusogea. Mpigaji akiugonga mpira na akafika salama kwenye kituo cha kwanza au zaidi, tunaita pigo salama. Gawanya mapigo salama kwa majaribio yake, unapata wastani wa mapigo. Mwenye 0.300 ni mchezaji bora, yaani bora wao anashindwa mara saba kati ya kumi. Mwenye 0.250 ni wa kawaida. Mwenye 0.200 anaanza kuogopa simu ya meneja.

Mpigaji akikosa mpira mara tatu, au akiacha mipira halali ikampita, anatolewa kwa straiki. Kishike hicho, tutakirudia.

Jambo la pili ni mfumo. Kila mwaka timu huchagua chipukizi wapya katika uteuzi unaoitwa drafti, na kwa miaka mingi timu iliyofanya vibaya kuliko zote ndiyo iliyochagua kwanza. Unauona mtego? Ukiwa timu ya katikati, kombe hulipati na chipukizi bora humpati. Ndiyo maana baadhi ya timu huamua kujijenga upya: zinauza nyota wao, zinakubali kufungwa miaka mitatu minne, zinakusanya vijana, zinasubiri. Ligi yenyewe iliona kwamba kushika mkia kumegeuka mkakati, na kuanzia drafti ya 2023 nafasi za juu kabisa zinapangwa kwa bahati nasibu kati ya timu zilizokosa hatua ya mtoano.

Orioles waliipita njia hiyo. Katika misimu ya mechi 162, walipoteza mechi 115 mwaka 2018, 108 mwaka 2019 na 110 mwaka 2021. Shabiki aliyevumilia yote hayo aliambiwa neno moja: subiri vijana. Mwaka 2022 timu ilichagua ya kwanza, ikamchukua Holliday kutoka sekondari huko Oklahoma, mtoto wa Matt Holliday aliyekuwa nyota wa ligi hiyohiyo. Mwaka 2023 subira ikaanza kulipa: Orioles walishinda mechi 101. Mwaka huohuo Holliday alipanda ngazi nne za ligi ndogo ndani ya msimu mmoja, akapiga 0.323, na mwanzoni mwa 2024 wachambuzi walimweka namba moja kati ya chipukizi wote wa besiboli. Alikuwa ndiye tofali la mwisho la jengo.

Tarehe 10 Aprili 2024 akaitwa ligi kuu. Alipata zamu 36. Ondoa mbili alizopewa kituo cha bure kwa sababu mrushaji alirusha nje, yanabaki majaribio 34. Mapigo salama: 2. Wastani: 0.059. Kutolewa kwa straiki: mara 18. Tarehe 26 Aprili akarudishwa ligi ndogo.

Sasa unaelewa kwa nini watu walinuniana. Kuna kijana wa miaka 20 anayezomewa na mji mzima, halafu nyuma yake kuna miaka ya kufungwa ambayo watu wa mji huu waliilipia tiketi. Holliday akiwa garasa, ile subira ilikuwa ya nini?

Hoja ya kwanza: "Sampuli ni ndogo"

Hii ndiyo hoja inayopendwa na wasomi, kwa hiyo tuitendee haki. Chukua mpigaji ambaye uwezo wake halisi ni 0.250, umpe majaribio 34. Hesabu ileile ya kurusha sarafu, ila sarafu yenye upande mmoja mzito, inasema wastani utakaouona utayumba kwa takriban 0.074 juu au chini kwa bahati tu. Yaani mtu yuleyule anaweza kukuonyesha 0.180 au 0.320 bila chochote kubadilika ndani yake. Ukimpa majaribio 550, ambayo ni kama msimu mzima, kuyumba kunashuka hadi chini ya 0.02.

Kuna mfano wa jambo hili ambao wanafunzi wengi wa takwimu hukutana nao. Mwaka 1977 Bradley Efron na Carl Morris waliandika katika jarida la Scientific American kuhusu kitendawili cha Stein, na data waliyotumia ilikuwa ya besiboli: wapigaji 18 wa msimu wa 1970, kila mmoja na majaribio yake 45 ya mwanzo. Swali lao lilikuwa rahisi. Ukitaka kukisia mtu atakavyopiga msimu uliobaki, utumie namba yake ya mwanzo? Wengi wetu tungesema ndiyo, tutumie nini tena? Jibu la Stein ni hapana. Chukua wastani wa kundi lote, ambao ulikuwa 0.265, kisha msogeze kila mchezaji kuelekea huko. Wala usimsogeze kidogo: kwa data ile, umbali wa kila mmoja kutoka kwenye wastani wa kundi ulibakizwa kama moja ya tano tu. Ukijumlisha makosa ya makisio kwa kipimo chao, mbinu hiyo ilikosea chini ya theluthi moja ya ilivyokosea njia ya kuamini namba za mwanzo.

Tazama watu watatu. Roberto Clemente, gwiji wa Pittsburgh, alianza na 0.400. Mbinu ilimshusha hadi 0.294. Msimu uliobaki akapiga 0.346. Thurman Munson, chipukizi wa New York Yankees, alianza na 0.178. Mbinu ilimpandisha hadi 0.247. Msimu uliobaki akapiga 0.316, na mwaka huo akachaguliwa mchezaji mpya bora wa ligi yake.

Mtu wa subira akifika hapo anapiga meza kwa furaha. Ngoja kwanza, nimesema watu watatu. Chini ya Munson alikuwepo Max Alvis, aliyeanza na 0.156. Mbinu ilimpandisha naye, hadi 0.242. Msimu uliobaki akapiga 0.200, na ule ukawa msimu wake wa mwisho katika ligi kuu.

Munson na Alvis walitofautiana kwa pigo moja salama katika majaribio 45. Kwa data ya mwanzo pekee, huwezi kuwatenganisha. Kilichowatenganisha kilikuwa nje ya ile data: Munson alikuwa na miaka 22 na ndiyo kwanza anaanza, Alvis alikuwa na miaka 32 na anamalizia. Kama ungemvuta kila mmoja kuelekea kundi lake halisi, si kuelekea wastani wa wote 18, ungekaribia zaidi ukweli. Kwa hiyo tukisema "sampuli ni ndogo", tumefanya nusu tu ya kazi. Sampuli ikiwa ndogo, kundi ndilo linaloamua. Kundi gani? Hapo ndipo mtu wa subira ananyamaza.

Ana kosa la pili pia. Anasema sampuli ndogo, lakini anamaanisha sampuli sifuri. Siyo kitu kimoja. Tuseme kabla ya Aprili ungeweka dau la 9 kwa 1 kwamba Holliday ni mpigaji wa 0.250, si wa 0.200. Mpigaji wa 0.250 kupata mapigo mawili au pungufu katika majaribio 34 ni jambo la mara 4 hivi kati ya 1,000. Kwa mpigaji wa 0.200 ni mara 23 hivi kati ya 1,000. Yote mawili ni adimu, lakini la pili lina uwezekano kama mara tano zaidi. Basi dau lako la 9 kwa 1 linashuka hadi 9 kwa 5. Ulikuwa na uhakika wa asilimia 90, sasa umebaki na asilimia 64 hivi.

Iangalie hiyo namba vizuri. Bado unamwamini kijana, ila imani imepungua kwa haki. Anayesema mechi 10 hazijambadilisha hata kidogo hajafanya hesabu. Amejifunika blanketi la takwimu.

Hoja ya pili: "Nimeona ya kutosha"

Huyu mwingine kosa lake linaonekana haraka, lakini tulitaje vizuri. Kwanza, hakuchagua mechi 10 kwa sababu kumi ni namba nzuri. Alihesabu mpaka pale kijana aliporudishwa, na alirudishwa kwa sababu alikuwa kwenye shimo. Ukisimamisha saa wakati mambo ni mabaya kabisa, lazima wastani uonekane mbaya kuliko mtu alivyo.

Pili, hakumtazama Holliday kwa bahati. Alimtazama kwa sababu anavuma. Tuseme kila mwaka wapigaji 50 wapya wanaingia ligi kuu, wote ni wa 0.250 kamili. Ukiwapa majaribio 34 kila mmoja, kuna uwezekano wa karibu asilimia 20 kwamba angalau mmoja wao ataanza vibaya kama Holliday au zaidi, bila kuwa na kasoro yoyote. Yaani kama mara moja kila miaka mitano, na huyo mmoja ndiye atakayeandikwa magazetini. Wale wengine 49 hatubishani juu yao kwenye wali.

Hata hivyo, kuna kitu alikiona bila kujua amekiona. Alikuwa anapiga kelele juu ya 0.059 wakati namba ya kumpigia kelele ilikuwa 18.

Fikiria pigo salama linategemea nini. Linategemea mpigaji, mrushaji, mahali walipo wadakaji, upepo, hata nyasi. Unaweza kuugonga mpira vizuri kabisa ukaenda moja kwa moja kwenye glavu ya mtu. Kutolewa kwa straiki ni kati ya mpigaji na mrushaji tu, na mwamuzi kidogo. Kelele ni chache, kwa hiyo ujumbe unasikika mapema. Mtafiti Russell Carleton alipima jambo hili: kiwango cha kutolewa kwa straiki huanza kusema kitu cha kuaminika juu ya mchezaji baada ya zamu 60 hivi, wakati wastani wa mapigo unahitaji majaribio zaidi ya 900. Misimu karibu miwili!

Sasa rudi kwa Holliday. Katika ligi kuu ya 2024, wapigaji walitolewa kwa straiki katika asilimia 22 au 23 hivi ya zamu zao. Kwa zamu 36 ungetegemea mara 8. Yeye alitolewa mara 18, nusu ya zamu zake. Zamu 36 hazijafika 60, sawa, lakini umbali huo bahati peke yake haiufikishi kirahisi. Kulikuwa na kitu warushaji wa ligi kuu walikuwa wanamfanyia ambacho ligi ndogo haikuwa imemfundisha kukijibu. Kwa hiyo waliomrudisha hawakuwa na haraka ya kijinga. Na bado hilo si sawa na kumwita garasa: namba 18 inakuambia kuna somo hajalijua, haikuambii kama atalijua.

Tatizo la majina

Tuje kwenye yale majina, kwa sababu ndiyo silaha kuu ya kila ubishi wa namna hii.

Upande wa subira una majina mazuri. Mike Trout alipiga 0.220 katika mechi zake 40 za kwanza mwaka 2011, na mwaka uliofuata akawa mchezaji mpya bora. Aaron Judge alipiga 0.179 mwaka 2016 na kutolewa kwa straiki mara 42 katika majaribio 84, kisha 2017 akaupeleka mpira nje ya ukuta mara 52. Upande wa pili nao wana yao. Brandon Wood wa Angels alipiga homu rani 43 katika msimu mmoja wa ligi ndogo, akasubiriwa miaka, na akaondoka ligi kuu na wastani wa 0.186. Mark Appel, mrushaji aliyechaguliwa wa kwanza kabisa na Houston mwaka 2013, alifika ligi kuu mwaka 2022 akiwa na miaka 30, na timu nyingine.

Majina yote hayo ni ya kweli, na hakuna hata moja linalothibitisha chochote. Ukimtaja Trout umechagua kundi la walioanza vibaya wakaishia kuwa magwiji. Ukimtaja Wood umechagua kundi la walioanza vibaya wakaishia hivyohivyo. Kila mmoja kachagua kundi baada ya kujua mwisho wa hadithi. Hii ndiyo niliyoiita mahali ambapo hakuna aliyekuwa anapaangalia. Zile mechi 10 zilikuwa zilezile kwa wote wawili. Ubishi ulikuwa juu ya kundi la kumweka kijana. Kundi la haki lilikuwa moja tu: chipukizi wote waliowahi kusifiwa kama yeye, katika umri kama wake, waliokuja wakatolewa kwa straiki namna ile, waliofaulu na waliopotea pamoja. Kundi hilo lina Judge ndani yake, na lina Wood. Halimfurahishi mtu yeyote, na ndiyo maana halitajwi.

Na timu je? Tatizo ni lilelile

Panda ngazi moja juu. Shabiki wa Orioles ukimuuliza kwa nini aliamini mpango, atakuambia Houston. Houston Astros walipoteza mechi 106, 107 na 111 mwaka 2011, 2012 na 2013. Mwaka 2014 jarida la Sports Illustrated likawaweka kwenye jalada na kuwatabiria ubingwa wa 2017. Na 2017 wakauchukua kweli. Mike Elias, aliyekabidhiwa Orioles mwishoni mwa 2018, alitoka katika ofisi hiyohiyo ya Houston. Mantiki ikawa: njia ni ileile, mtu ni yuleyule, mwisho utakuwa uleule.

Ihakiki kama makala. Kwanza, ni mfano mmoja. Pili, ukiufungua ndani unakuta mambo. José Altuve, Dallas Keuchel na George Springer, nguzo za ubingwa ule, walikuwa tayari mikononi mwa Astros kabla Jeff Luhnow, baba wa mpango, hajaajiriwa Desemba 2011. Machi 2014 Houston walimwachia J.D. Martinez aende zake baada ya kuhangaika kwake, na mwaka huohuo akapiga 0.315 Detroit. Yaani wataalamu wa subira nao walichoka kusubiri, wakamkosa mtu. Tatu, data yenyewe imechafuka: Januari 2020 ligi ilitangaza kwamba Astros walitumia kamera kuiba ishara za wapinzani katika msimu wa 2017. Luhnow akafungiwa mwaka mmoja na kufukuzwa kazi.

Nne, wako wapi wale walioshindwa? Chicago White Sox walianza kujijenga upya mwishoni mwa 2016 kwa kumuuza Chris Sale, wakasifiwa kwa vijana wao, wakafika mtoano 2020 na 2021, halafu mwaka 2024 wakapoteza mechi 121. Shabiki wa Chicago alivumilia sawa na wa Houston. Jalada la ubingwa hakulipata.

Kinachonikera zaidi ni namna neno "subira" linavyotumika. Kijana akipiga vizuri, mpango unafanya kazi. Akipiga vibaya, sampuli ni ndogo. Hakuna matokeo yanayoweza kuuangusha mpango. Wewe na mimi tumefundishwa darasani kwamba dai lisiloweza kuangushwa na ushahidi wowote si dai la kisayansi, hata likivaa namba. Halafu jiulize nani analipa. Kikosi cha vijana ni rahisi. Mshahara wa chini wa ligi kuu mwaka 2024 ulikuwa dola 740,000, wakati nyota anaweza kulipwa makumi ya mamilioni kwa mwaka. Mwenye timu anaokoa fedha, shabiki anatoa miaka yake. Ukiombwa subira na mtu ambaye subira yako inamfaidisha, una haki ya kumuuliza tarehe.

Kwa nini nimelichukulia moyoni

Nikuambie ukweli, sikuingia kwenye ubishi huu kwa ajili ya besiboli. Mtihani wangu wa kwanza wa uzamivu nilipata alama 41. Idara, ambayo siitaji, ilikuwa na kambi zilezile mbili. Mwalimu mmoja alisema mtihani mmoja si kitu, tumwache. Mwingine alisema inatosha, arudi nyumbani. Nilimshukuru wa kwanza kwa moyo wote, lakini aliyenisaidia alikuwa wa tatu. Hakusema nina kipaji, hakusema sina. Alichukua karatasi za mtihani, akatenganisha makosa ya hesabu za haraka na makosa ya kutoelewa, akaniambia: haya ya kwanza yataisha yenyewe, haya ya pili hayaishi bila kazi. Kisha akaandika anachotaka kukiona kufikia Desemba, na kitakachomfanya akubali kwamba amekosea juu yangu. Tukasaini wote.

Subira yake ilikuwa na tarehe na kipimo, na ilikubali kwamba huenda nikashindwa. Nililala vizuri usiku ule kuliko usiku wowote wa kuambiwa "utaweza tu".

Kwa hiyo, safari nyingine timu yako ikileta chipukizi na akaanza kuhangaika, kabla hujafungua mdomo jibu maswali matatu. Namba gani unaangalia, na huwa inachukua muda gani kuanza kusema kweli? Kundi gani unamweka, na je, ulilichagua kabla ya kujua mwisho? Ni kitu gani, kikitokea kufikia lini, kitakufanya ubadilishe mawazo? La tatu likikushinda, basi huna hoja bado, una upande.

Na Holliday? Alirudi 31 Julai 2024, na siku hiyohiyo akapiga homu rani yake ya kwanza ligi kuu, ya mikimbio minne kwa mpigo mmoja. Mtu wa subira akatutumia picha usiku. Lakini msimu ukaisha akiwa na wastani wa 0.189, akitolewa kwa straiki katika karibu theluthi ya zamu zake. Mtu wa garasa akatutumia picha yake naye. Mwaka 2025, akiwa na miaka 21, alipiga 0.242 na homu rani 17, na kutolewa kwa straiki kukashuka karibu na wastani wa ligi. Lile somo alilijua, angalau sehemu yake. Timu yenyewe ilishinda mechi 75, ikapoteza 87.

Mpigaji wa 0.242 mwenye miaka 21 si gwiji na si garasa. Ni mtu aliyeangukia karibu na pale Stein angemweka, akiwa na miaka mingi mbele yake. Wenzangu wawili wa maabara wanaitazama namba hiyohiyo, na kila mmoja anaapa kwamba aliisema tangu mwanzo. Nimewapa karatasi na kalamu, kila mmoja aandike atakavyopiga msimu ujao na atakachokubali kama kushindwa. Mmoja ameandika. Mwingine anasema bado anafikiria.